Kabla hujaingia jangwani na rafiki, kubalianeni kuhusu kurudi

Hapa Arusha ukimwambia mtu umekwenda Chalbi, lile jangwa la kaskazini mwa Kenya, kwa barabara, atakuuliza ulikwenda na gari gani. Mimi namuuliza anayejiandaa kwenda: unakwenda na nani?

Njia yenyewe siku hizi si ya kutisha. Unavuka Namanga, unapita Nairobi na Isiolo, na lami inakufikisha hadi Marsabit. Mpakani beba pasipoti, kadi ya gari na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, maana bima yako ya nyumbani haikusaidii ng'ambo. Mafuta jaza Marsabit, tangi na madumu.

Kazi inaanza ukiiacha lami kuelekea vijiji vya Maikona na Kalacha. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana. Wakati wa kiangazi gari linateleza juu yake kama uko uwanja wa ndege. Mvua ikipita, ule udongo wa chumvi unageuka tope la kumeza gari mpaka ekseli. Na ubaya wake ni kwamba juu hukauka mapema, kukawa kweupe na kugumu, huku chini bado tope.

Ndiyo maana mimi na mwenzangu tuliwekeana sharti kabla hatujawasha gari: yeyote akisema turudi, tunarudi. Hakuna kubishana, hakuna kununiana. Tukiwa mbele ya Maikona aliniomba nisimame. Akashuka na kipande cha nondo, akakichoma ardhini hapa na pale, kikatoka kimepakaa tope la kijivu. Akakifuta kwenye suruali, akaniangalia. "Kaka, turudi." Nilitamani sana kufika Kalacha jioni ile, lakini niligeuza gari palepale. Tukalala Maikona, na asubuhi tukawauliza Wagabra, wafugaji wa huko, wapi magari yanapita wiki ile. Wao ndio wanaoijua ardhi hiyo. Usiwapite bila kuwauliza, hata kama simu yako ina ramani.

Sharti hilo linasaidia kwa sababu joto hubadilisha watu. Saa nane mchana, vumbi limejaa kinywani, hata rafiki wa tangu shule ya msingi anaweza kukukera kwa kufungua kioo tu. Uamuzi mzito usisubiri saa hiyo. Hela nayo iwe vilevile: kila mmoja atoe kiasi sawa kwenye mfuko mmoja, mmoja atunze, mwingine aandike.

Maji msiyapimie kiu. Sisi tulihesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili zaidi, kwenye madumu tofauti ili moja likipasuka lingine libaki. Spea mbili ni bora kuliko moja, na sepetu isikosekane. Kwenye mchanga laini punguzeni upepo wa matairi, ila muwe na pampu ya kurudishia mkifika kwenye mawe. Koti pia bebeni. Marsabit iko mlimani na usiku wake una baridi.

Mtandao wa simu unakatika muda mrefu. Mwachieni mtu nyumbani ratiba yenye majina ya vituo na siku ya kufika kila kimoja, mkubaliane akipitisha siku ngapi bila kuwasikia ndipo aanze kupiga simu, na ampigie nani kwanza.