Roki ya baa za Australia: sauti ile ilitoka kwenye vigae, sheria za pombe na pesa za mlangoni

Mwenye uzi (aliyeanzisha mjadala huu) ameuliza mambo matatu: kwa nini bendi za Australia kama AC/DC, Cold Chisel, The Angels, Rose Tattoo na Midnight Oil wanafanana ugumu wa sauti ilhali hawakutoka mji mmoja, kwa nini mfumo ule wa baa ulikufa, na bendi yake, inayopiga kwenye ukumbi wa vigae wenye dari la chini, ifanyeje ipate sauti ya namna ile. Wachangiaji waliotangulia wamesema ni hulka ya Waaustralia. Mimi nasema ni vyumba. Muziki ule ulitengenezwa ili usikike ndani ya chumba kibaya kilichojaa walevi, na ukikielewa chumba, mengine yote yanaeleweka.

Tuanze na neno. Kwenye jina la ukumbi wa Australia, "Hotel" maana yake ni baa. Sheria za zamani za leseni zilimtaka muuza bia awe pia na vyumba vya wageni, jina likabaki. Kwa hiyo Royal Antler Hotel ya Narrabeen, kaskazini mwa Sydney, ambako Midnight Oil walijijengea mashabiki wao wa kwanza, haikuwa mahali pa kulala wala mgahawa. Ilikuwa baa ya wateleza mawimbi.

Baa hizo zilipata umbo lao kutokana na sheria ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 majimbo ya New South Wales, Victoria na Australia Kusini yalianza kuzifunga baa saa kumi na mbili jioni. Mfanyakazi akitoka kazini saa kumi na moja alikuwa na saa moja tu ya kunywa, hivyo wenye baa wakaondoa viti na meza, wakarefusha kaunta, wakapiga vigae ukutani ili usiku pasafishwe kwa mpira wa maji. Sheria hiyo iliondoka New South Wales mwaka 1955, Victoria 1966, Australia Kusini 1967. Ghafla wenye baa wakajikuta na saa nne za ziada za kuuza bia, kwenye kumbi zisizo na kitu cha kumfanya mteja abaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo yaliyokuwa na umri wa kunywa wa miaka 21 yakaushusha hadi 18, wakati uleule kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili kikifikia umri huo. Pembezoni mwa miji kulishajengwa mabaa makubwa yenye maegesho mapana. Bendi ndiyo iliyoingizwa kujaza pengo.

Sasa chumba chenyewe. Chukua ukumbi wenye urefu wa mita 20, vigae ukutani, dari la mita 3.1. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Pigo la snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) likienda ukuta wa nyuma na kurudi limetembea mita 40, nalo linamrudia mpigaji baada ya sekunde 0.117. Kwa mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.115. Yaani mwangwi unakuja kutua karibu kabisa pale ambapo noti ya robo pigo ingekaa. Mpiga dramu akijaza mapambo ya haraka, kila noti yake inagongana na mwangwi wa iliyotangulia, na msikilizaji anasikia uji mtupu. Akipiga snea kwenye pigo la pili na la nne tu, mwangwi unaangukia mahali patupu na pigo linaonekana kubwa zaidi. Msikilize Phil Rudd wa AC/DC. Wengi humwona mpigaji rahisi. Kwangu mimi ndiye mpiga dramu aliyekielewa chumba kuliko wote.

Besi ina shida yake. Kati ya sakafu na dari la mita 3.1, wimbi linalosimama, yaani sauti inayokwenda na kurudi ikijiongezea nguvu, ni la hezi 55 hivi (mitetemo 55 kwa sekunde), na uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni hezi 55 kamili. Roki ya magitaa inapenda sana ufunguo wa A. Matokeo yake, noti moja inavuma hadi chupa zinatetemeka, na nyingine zinapotea. Dawa yake ilikuwa kupiga besi kwa piki badala ya vidole, nusu pigo baada ya nusu pigo, mfululizo, bila kutembeatembea kwenye skeli: piki inatoa mlio wa juu, kwenye hezi 700 hadi 1,000 na kupanda, ambao sikio linaushika hata kama chini kumevurugika.

Magitaa nayo yalikuwa na mkwaruzo (sauti chafu ya amplifaya iliyozidiwa) mdogo kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo bendi nyingi za kuigiza zinapokosea. Mkwaruzo mwingi unaibana sauti: mwanzo wa noti unapotea na nafasi kati ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inajaa kelele. Malcolm Young wa AC/DC alitumia gitaa la Gretsch lililobakizwa pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya karibu na daraja tu, nyuzi nene, amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa kiasi cha kuanza kuvunjika tu, na mkono wa kulia wenye nguvu. Ukimya kati ya kodi zake ni sehemu ya wimbo. Mwenye uzi, kama unataka sauti ile, punguza geini (kitufe cha amplifaya kinacholeta mkwaruzo) hadi uone aibu, halafu punguza tena kidogo, kisha piga kwa nguvu.

Kuhusu ukubwa wa sauti, mwimbaji Billy Thorpe na bendi yake ya Aztecs walisukuma kiwango mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpiga gitaa Lobby Loyde alikuwa naye katika kundi hilo kabla ya kuendelea na bendi ya Coloured Balls. Vifaa kutoka nje vilikuwa ghali kwa sababu ya ushuru, kwa hiyo viwanda vya ndani vilishamiri: amplifaya za Strauss za Melbourne, Vase za Brisbane, Lenard za Sydney, magitaa ya Maton. Lakini wati zisikudanganye. Kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imezidi mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati 1,000. Ndiyo maana kampuni za vyombo, Jands ya Sydney ikiwemo, zilibeba makabati ya besi yenye mdomo wa tarumbeta iliyokunjwa ndani: kabati la namna hiyo linatoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Gharama yake ni uzito na ukubwa. Ndiyo maana pia kila bendi iliyojiweza ilihitaji lori, na vijana wa kubeba.

Kwa ukumbi wako, utaratibu ni huu. Weka spika kuu mbele ya maiki zote, pembeni mwa jukwaa, juu ya kimo cha vichwa, zikielekea kwa watu na si ukutani. Ning'iniza zulia au mablanketi mazito nyuma ya dramu, kwa sababu ukuta huo ndio unaorudisha dramu ndani ya maiki ya mwimbaji. Maiki aina ya Shure SM58 haisikii sana nyuma yake, hivyo monita (spika ya mwimbaji kujisikia) ikae moja kwa moja nyuma ya maiki na si kando. Pandisha maiki ya mwimbaji polepole mpaka ianze kupiga mluzi, tafuta mluzi huo kwenye ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini), kata desibeli 3, rudia mara tatu au nne. Usikate zaidi ya hapo, maana utakuwa unakata sauti ya mwimbaji mwenyewe. Kata pia hezi 50 hadi 63 kwenye besi kama dari lako ni la kimo nilichotaja. Na usimalize kurekebisha ukumbi ukiwa mtupu: miili ya watu inanyonya sauti za juu, hivyo kinachochoma masikio saa kumi na moja jioni kitakuwa sawa saa nne usiku. Ukikilainisha mapema, usiku kitakuwa kizito na hakisikiki.

Mwimbaji akiiweka sauti juu, kama Bon Scott wa AC/DC au Jimmy Barnes wa Cold Chisel, anakaa kwenye eneo ambalo sikio lina wepesi zaidi, kati ya hezi 2,000 na 4,000, juu ya gitaa na juu ya kelele za kaunta. Na kiitikio kinatakiwa kiimbike na mtu aliyekunywa glasi sita. The Angels walipata zaidi ya hapo: katika wimbo wao wa mwaka 1976 unaouliza kama mwimbaji atauona tena uso wa mpenzi wake, umati ulianza kujibu swali kwa matusi, na jibu hilo limeendelea kupigwa kwa pamoja hadi leo. Bendi haikuliandika.

Umeme ndio uliokuwa hatari ya kweli. Soketi ya kawaida ya Australia enzi hizo ilikuwa ampia 10 kwa volti 240, yaani wati 2,400. Taa kumi na mbili za wati 1,000 peke yake zinavuta ampia 50. Kwa hiyo fundi mzuri alitafuta umeme wa fezi tatu (laini tatu tofauti za umeme), akaweka taa fezi moja na sauti fezi nyingine, kwa sababu vidhibiti vya mwanga vinaukatakata umeme na magitaa yanaanza kulia zzz kila taa zikififia. Friji za bia zikiwa laini moja na amplifaya, kila kompresa ikiwaka utasikia mlio. Kosa linaloua ni kukata pini ya ethi (inayopeleka umeme wa hitilafu ardhini) ili kuondoa mvumo: chombo kikipata hitilafu, umeme unapita kwenye nyuzi za gitaa, unapitia kwa mpigaji, unatokea kwenye maiki mdomoni. Mvumo utafutie dawa nyingine.

Pesa. Awali wakala alilipa bendi ada isiyobadilika hata baa ijae. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakala wa Dirty Pool wa Sydney, waliosimamia The Angels na Cold Chisel, waligeuza meza: kiingilio cha bendi, bia ya mwenye baa. Tupige hesabu ya mfano: watu 500 kwa dola 4 ni dola 2,000. Toa 600 za vyombo na taa, 200 za vijana wa vifaa, 100 za mabango, 200 za wakala. Zimebaki 900 kwa wanamuziki watano, kabla ya mafuta. Wakija 200, mapato ni 800 na gharama bado zimekaa palepale: kila mtu anarudi na deni. Mfumo huu ulizawadia bendi zinazojaza baa na kuuza bia, na uliadhibu kila kitu cha taratibu. Pia uliwapa wenye baa sababu ya kufumba macho watu wakizidi idadi ya leseni.

Umbali ulimaliza mchujo. Sydney hadi Melbourne ni kilomita 880 hivi, Adelaide hadi Perth takriban 2,700, na lami ya njia hiyo ya jangwani ilikamilika mwaka 1976 tu. Bendi iliyopiga usiku tano kwa wiki katika mazingira hayo ilikaza au ilivunjika. Bendi za INXS na Divinyls zilipita humo. Bendi ya Men at Work ilianzia Cricketers Arms ya Richmond, Melbourne, kabla ya dunia kuijua.

Kilichoua mfumo huo si kimoja. New South Wales ilishusha kiwango cha pombe katika damu ya dereva kutoka asilimia 0.08 hadi 0.05 mwaka 1980, na Desemba 1982 polisi wakaanza kusimamisha madereva kiholela na kuwapuliziza kipimo, kile Wakenya wanachokiita alcoblow. Victoria ilikuwa imeanza tangu 1976. Baa za pembezoni ziliishi kwa maegesho yao. Mtu asipoweza kuendesha kurudi nyumbani, haji. Kisha masharti ya moto na idadi ya watu yakabanwa, na hesabu ya dola 4 mara 500 ikavunjika. Pigo kubwa lilikuwa mashine za kamari: Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990, Australia Kusini 1994, baa za New South Wales 1997. Mashine haihitaji lori, haipigi kelele kwa jirani, na inaingiza pesa tangu asubuhi. Jukwaa likang'olewa, mashine zikakaa palepale. Australia Magharibi ilizizuia nje ya kasino ya Perth.

Masharti ya leseni na jirani ndio maadui wa mwisho, na hapa kuna habari njema. Tote, baa ya muziki ya Collingwood, Melbourne, ilipofungwa Januari 2010 kwa sababu ya masharti ya gharama kubwa ya walinzi, maelfu waliandamana Melbourne mwezi uliofuata na baa ikafunguliwa tena mwaka huohuo. Mwaka 2014 Victoria ikaweka kanuni kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayegharamia kuzuia sauti: ukijenga fleti karibu na ukumbi wa muziki uliokuwepo, madirisha mazito ni juu yako. Kabla ya hapo mpangaji mmoja mpya aliweza kuinyamazisha baa iliyopiga muziki miaka thelathini.