Kabla ya kalipa kubwa kwenye Silvia S13

Mkuu, umeuliza kuhusu kufunga kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki) za Nissan 300ZX kwenye Nissan Silvia S13 yako ya 1990. Zinaingia, ila diski za 300ZX zina matundu 5 ya nati na habu yako (kitovu kinachoshika gurudumu) ina 4, hivyo tafuta diski zilizotobolewa upya. Rimu za inchi 15 nazo mara nyingi zitagusa kalipa hizo. Lakini usianzie hapo. Bushi (mipira ya maungio ya saspensheni) za umri huo zimeshakauka: badilisha hizo na boljointi, kisha shokapu na springi kwa pamoja, maana springi fupi juu ya shokapu chakavu ni kurukaruka tu. Kwenye breki, mafuta mapya ya DOT 4, mipira mipya na pedi nzuri. Huenda hamu ya kalipa ikaisha. Alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) ifanywe mwishoni.