Maswali na majibu: Shule ya trasti ni ya nani?

Kila Januari inapokaribia, barua zenu kutoka Uingereza huwa za shule tu. Hizi sita nimezichagua kwa sababu zinagusa jambo ambalo sitachoka kulisema: pesa za umma zina wenyewe, na wenyewe ni sisi wazazi.

Mtaani kwetu imefunguliwa shule mpya ya msingi ya trasti, wanaiita "free school". Ada kwa muhula ni kiasi gani? – Mama wa wawili, Milton Keynes

Hakuna ada. Swali hili nililijibu mwaka jana na mwaka juzi, tafadhalini someni majibu ya wenzenu. "Free" hapo si bure, ni huru, yaani shule haiko chini ya halmashauri, bali inaendeshwa na trasti, kampuni ya hisani. Kutotoza ada ni kwa shule zote zinazolipiwa na serikali, ziwe za halmashauri, za kanisa au za trasti. Wanaotoza ni zile zinazoitwa "public schools", ambazo licha ya jina lake ni shule za binafsi. Na ukiletewa karatasi ya mchango wa ziara au wa vifaa, elewa kwamba mchango ni hiari. Mtoto haachwi nyuma wenzake wakienda kwa sababu mzazi wake hakutoa. Usiye nacho usitoe, wala usiombe radhi.

Mtoto wangu yuko shule ya trasti, na halmashauri wananiambia shule hiyo haiwahusu. Sasa nikiwa na malalamiko nimwendee nani, na mwenye shule ni nani hasa? – Baba wa mtoto wa Reception (darasa la kuanzia, kabla ya la kwanza), Leicester

Utaratibu wa shule hizi huru ulikuja na Sheria ya Akademia ya 2010, Michael Gove akiwa waziri wa elimu. Shule 24 za mwanzo zilifunguliwa Septemba 2011. Waliiga Sweden, ila kule wenye shule wanaruhusiwa kutia faida mfukoni, na Uingereza hawaruhusiwi. Trasti, kama nilivyosema, ni kampuni ya hisani, na haina wenye hisa. Inatia saini mkataba na wizara, na wizara inaipelekea fedha moja kwa moja, nyingi zikitegemea idadi ya wanafunzi. Wadhamini wa trasti ndio wanaoajiri walimu, kupanga bajeti na kumteua mwalimu mkuu. Trasti moja inaweza kuwa na shule moja au kumi na zaidi, na makao yake yakawa mji mwingine kabisa.

Malalamiko anza kwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu. Usiporidhika, andika barua kwa trasti. Wanalazimika kuwa na utaratibu wa malalamiko, na ngazi yake ya juu ni jopo la watu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa hahusiki na uendeshaji wa shule. Hapo ukikwama ndipo unaiandikia wizara. Kupiga simu halmashauri kila wiki ni kujichosha.

Hukuniuliza hili, kaka, lakini nitakwambia. Trasti inalazimika kutangaza kila mwaka hesabu zake zilizokaguliwa, na utazikuta kwenye tovuti yake na kwenye rejesta ya makampuni. Zifungue. Tazama mishahara ya wakubwa, kisha utafute sehemu inayoeleza biashara kati ya trasti na kampuni za wadhamini au jamaa zao. Kamati ya harusi tunaibana mpaka risiti ya mwisho ya mchele. Shule inayokaa na watoto wetu miaka saba inapokea mamilioni ya pauni, na wengi wetu hatujawahi kuuliza hata swali moja.

Nimekosa nafasi Reception na shule iko dakika tano kutoka nyumbani. Nikate rufaa? – Dada wa Barking

Haki ya rufaa unayo, hata kwa shule ya trasti, maana nazo zinafuata kanuni zilezile za uandikishaji. Lakini sitaki ujidanganye. Kwa Reception, darasa la kwanza na la pili, sheria imeweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu. Darasa likishajaa, jopo la rufaa litakukubalia hasa pale ambapo kanuni zilikiukwa, au uamuzi wenyewe haukuwa wa busara hata kidogo. Ukaribu peke yake hautoshi. Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri leo hii, kwa sababu familia huhama. Wanaoomba mwaka huu, mwisho ni Januari 15 na majibu hutoka Aprili 16. Na msitumie anwani ya shangazi. Ikigundulika, mtoto ananyang'anywa nafasi.

Visa yangu hainiruhusu kupokea misaada ya serikali. Mtoto atapokelewa? – Reading

Atapokelewa. Shule haihesabiwi katika misaada hiyo, na chakula cha mchana cha bure cha Reception, darasa la kwanza na la pili ni cha watoto wote.

Jumuiya yetu inataka kuanzisha shule ya msingi ya watoto wa Kiswahili, serikali itoe fedha. Tuanzie wapi? – Katibu wa jumuiya

Anzieni kwa kuuliza mnaitaka kwa ajili ya nani. Fedha ya serikali haiwezi kujenga shule ya kabila au lugha moja. Hata shule huru ya dini, waombaji wakizidi nafasi, haiwezi kugawa kwa dini zaidi ya nusu ya nafasi zake. Isitoshe, Oktoba 2024 serikali ilisimamisha miradi 44 ya shule za aina hii iliyokuwa njiani ili kuipitia upya.

Na tazameni waliotangulia. Discovery New School ya Crawley, shule ya msingi ya 2011, ilifungwa 2014 kwa ufundishaji duni. Al-Madinah ya Derby ilifunguliwa 2012, na mwaka uliofuata wakaguzi wa Ofsted wakakuta uendeshaji umevurugika kabisa. Sehemu yake ya sekondari ikafungwa. Mwanzilishi wa Kings Science Academy ya Bradford alifungwa miaka mitano mwaka 2016 kwa udanganyifu wa fedha za shule. Wazazi walikuwa wameziamini shule hizo, na pale zilipofungwa, watoto ndio waliohamishwa.

Ombi langu kwenu, Katibu: kodini ukumbi, fungueni shule ya Jumamosi, mfundishe watoto kusoma na kuandika Kiswahili. Wenye hamu ya kuongoza waombe ugavana, yaani ujumbe wa bodi ya shule, katika shule ambazo watoto wetu wamo tayari. Nafasi hizo hubaki wazi mara nyingi, na viti vyetu havina watu.

Ofsted waliipa shule "Good". Inatosha? – Mzazi, Coventry

Haitoshi. Alama hiyo ya jumla ya neno moja ilifutwa Septemba 2024, kwa hiyo unachosoma ni cha zamani. Soma ripoti yenyewe, kisha nenda shuleni asubuhi ya kawaida, si siku ya maonyesho. Waulize walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Na sare, kwa kuwa najua ndilo swali linalofuata: tangu sheria ya 2021, shule inatakiwa kupunguza nguo zenye nembo hadi chache kabisa. Suruali ya kijivu ya dukani inakubalika, na wakikukatalia, waombe wakuonyeshe sera yao kwa maandishi.