Riale ya 1780 huenda si ya 1780

Ndugu, umeuliza riale ya bibi yako, ile sarafu kubwa ya zamani ya madini ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, itauzwa bei gani mnadani. Usikope kwa kuitegemea. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huohuo, lakini wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu walishaizoea sura yake, basi ikaendelea kugongwa na tarehe ileile: Vienna, baadaye Roma, London, hata Bombay. Kwa hiyo nyingi bei yake haipiti sana thamani ya madini ya fedha yaliyomo. Ipeleke kwa sonara aipime: iwe gramu 28 hivi, na ukingoni upapase maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Ukingo ukiwa laini kabisa, shaka.

Ila chungulia tena ndani ya kikopo alichowekea bibi yako sarafu zake. Ukikuta riale ya fedha ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria (1882), hiyo ni adimu kweli, watu wataigombania. Pesa zake za shaba zenye mchoro wa mizani ziko tele.

Na tafadhali usiisafishe! Mimi yangu niliisugua kwa ukwaju na majivu, ikang'aa kama sufuria mpya. Dalali akaitazama mara moja tu, akanirudishia. Halafu kabla hujamkabidhi mtu yeyote, uliza kamisheni yake ni asilimia ngapi, na isipouzwa nani analipa gharama.