Tuzo za ushauri nasaha: kabla hujalipa hiyo 15,000

Dada wa Nyalenda, kabla ya yote: nimemwomba msimamizi wa jukwaa aufiche ukurasa wa pili wa ile rasimu uliyobandika. Usininunie. Sababu utaiona huko chini.

Kwa wanaoingia sasa hivi: huyu ni mshauri nasaha Kisumu, mwaka wake wa tano kazini. Ameletewa barua pepe kwamba ameteuliwa "Mshauri Bora wa Haki ya Kijamii", atume 15,000 za kushughulikia jina lake pamoja na kiti kwenye dhifa Nairobi. Wiki hiyo hiyo mkubwa wake kazini anataka kumpendekeza kwa tuzo ya chama chao cha kitaaluma, ambayo haina ada. Anauliza afuate ipi, na aandike nini.

La kwanza ni jepesi. Usilipe. Mimi nililipa, 2015, elfu kumi na mbili, nusu yake nimekopa kwenye chama cha akina mama, tena nikashona rinda. Usiku ule "washindi" tulikuwa zaidi ya sitini na kila mmoja alikuwa bora wa kitu fulani. Ngao yenyewe ya kioo ina jina langu lililokosewa herufi mbili, na siku hizi kazi yake ni kuzuia dirisha la ofisi lisibamizwe na upepo. Mtu akikuteua halafu akakuuzia uteuzi wenyewe, huyo yuko sokoni. Biashara si dhambi, ila usiipeleke kwenye wasifu wako.

La pili ndilo limenikesha.

Kazi yetu hufanyika mlango ukiwa umefungwa, na tuzo inataka ushahidi. Hapo ndipo wengi tunateleza. Jopo la majaji linataka kuona umefanya nini, na kitu kilicho karibu na moyo wako ni yule mteja uliyemwona akiinuka. Kwa hiyo unamwandika yeye. Unabadilisha jina, unabadilisha mtaa, unajiambia umemficha.

Mwaka 2019 niliandika hivyo. Nilikuwa nafanya kazi Rhonda, hapa Nakuru, nikapendekezwa tuzo ndogo ya wenzetu wa eneo hili. Nikaeleza habari ya mama mmoja anayeuza omena, vipigo vya nyumbani, alivyohama, alivyoanza tena. Jina nilimpa la uongo. Sikujua kwamba maelezo yale yangechapishwa kwenye kijitabu cha hafla, wala kwamba kuna mtu angepiga picha ukurasa ule na kuutupa kwenye kundi la WhatsApp kwa nia njema kabisa, kunipongeza. Wiki iliyofuata mama yule alikuja nje ya siku yake. Hakuketi. Akasema, "Madam, ile ndoo ya bluu ni yangu." Niliitaja ndoo ya bluu kwa sababu niliona inapendeza kwenye sentensi. Pale stejini wauza omena ni wengi, mwenye ndoo ya bluu ni mmoja. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama wifi zake nao wamesoma, na mimi sikuwa na jibu. Hakurudi tena. Tuzo nilishinda.

Nilipompelekea msimamizi wangu wa kitaaluma jambo hili, swali lake lilikuwa moja: bila yule mama, ungeandika nini? Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa ya kazi na sikujua niandike nini bila kumvua mtu nguo.

Sasa nina jibu, na ninalo kwa sababu nilianza kuangalia wenzetu wa kwingine wanatuza nini. Pale Marekani, Kitengo cha 17 cha Chama cha Wanasaikolojia ndicho cha saikolojia ya ushauri. Tuzo yao kubwa, ya kazi ya maisha yote, imepewa jina la Leona Tyler, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oregon aliyekuwa rais wa chama kizima mwaka 1973. Ya haki ya kijamii wameitenga iwe tuzo yake peke yake, na ninavyoona mimi wamefanya vyema, maana maswali ni mawili. Moja linauliza umeijengaje taaluma. La pili linauliza ni nini kilichokuwa kikiwaumiza watu hata kabla hawajafika kwako, na wewe ulikigusa vipi. Hilo la pili halijibiwi na mteja. Linajibiwa na ukuta, bei, sheria, ratiba, lugha.

Chukua Zimbabwe. Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianza na akina bibi 14 wa Mbare, Harare, wakikaa na watu kwenye mabenchi nje ya kliniki. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulichukua watu 573 kwenye kliniki 24, ukaonyesha baada ya miezi sita waliopitia kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Alipopewa tuzo ya McNulty, ya viongozi wanaotatua matatizo ya jamii, mwaka 2023 hakuhitaji kumtaja mtu hata mmoja aliyelia kwenye benchi. Benchi lenyewe linaonekana. Kliniki zinahesabika.

Najua utasema wewe huna utafiti wa kliniki 24. Hata mimi sina. Nina hiki: kwa miaka mingi, vijana waliokunywa sumu wakanusurika, baadhi yao walizindukia wodini wakiwa na pingu, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, kifungo hadi miaka miwili. Kumshauri kijana aliyefungwa pingu kitandani ni kazi nzuri, lakini pingu inabaki. Mimi, wauguzi wawili na wakili mmoja mvumilivu tuliandika barua kituoni, tukanywa chai nyingi na maofisa, kesi moja moja zikaachwa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu kile kinapingana na Katiba. Kesi ile hatukuifungua sisi, na sijidai. Lakini barua zetu zina tarehe na muhuri wa kupokelewa, na hizo ndizo nilizoambatisha nilipopendekezwa tena mwaka jana. (Ona nilivyosema "vijana", kwa wingi, bila ndoo.)

Tuje kwako. Kwenye ukurasa wa tatu wa rasimu yako kuna sentensi mbili umezipitia mbio kana kwamba ni aibu. Unasema vikao vya kundi ulivihamishia Jumatatu jioni kwa sababu Jumapili wanawake wako wako soko la Kibuye tangu alfajiri, na unaviendesha kwa Dholuo. Halafu unasema shule tatu sasa zinawapokea wasichana waliojifungua bila kuwazungusha. Dada, hiyo ndiyo tuzo! Sera ya kuwarudisha shuleni ipo tangu 1994, mtoto wa mwaka ule leo ana watoto wake, na bado kuna walimu wakuu wanaoisikia kwako kwa mara ya kwanza. Eleza ulivyofika kwenye hizo shule. Nani alikufukuza, ulirudi mara ngapi, barua ipi ilifungua njia, wasichana wangapi wamerudi darasani. Idadi tu. Hapo utajaza kurasa mbili na hakuna mzazi atakayeshtuka usiku kwamba mwanawe ametambulika.

Barua za kukuunga mkono usiombe kwa wakubwa wako peke yao. Mwalimu mkuu mmoja aliyekupinga kisha akageuka ana uzito kuliko wakurugenzi watatu. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembea nawe mitaani, naye mwombe. Mteja usimwombe, hata akijitolea. Kuna mwenzetu hapo juu ameandika kwamba mteja akitia sahihi ridhaa basi imekwisha. Kwenye karatasi, sawa. Lakini mtu anayekuja kwako kila wiki na anayekuhitaji, akuambie hapana kwa mdomo gani? Tukubaliane kutokubaliana, kaka.

Na yule msichana wa kidato cha tatu kwenye ukurasa wa pili: umebadilisha jina, lakini umeacha kazi ya baba yake na kanisa lao. Hata mimi niliye Nakuru nilikaribia kukisia shule. Rasimu ikishafichwa hapa, ifute na kwenye simu ya mkubwa wako, na umuulize amewatumia nani. Mpya nitumie kwa faragha. Jumapili jioni nitaisoma.