Revit au ArchiCAD? Mpigieni kwanza mhandisi

SWALI: Ofisi yetu ina wabunifu majengo watatu, hapa Mwanza. Miaka yote tumechora kwa programu ya AutoCAD. Sasa tumepata kazi ya hosteli ya ghorofa tatu, na mteja anataka modeli ya BIM, yaani jengo la pande tatu kwenye kompyuta lenye taarifa za kila sehemu yake. Mwenzetu mmoja anatumia Mac, anaitaka ArchiCAD. Sisi wengine tunaitaka Revit. Tununue ipi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu yangu, kabla hamjaendelea kubishana, mpigieni simu mhandisi atakayesanifu nguzo na mihimili, halafu mkadiriaji majenzi. Waulizeni wanafungua faili za aina gani. Mhandisi akiwa anatumia Revit, nunueni Revit, na huyo wa Mac atafutiwe kompyuta ya Windows, kwa sababu Revit haina toleo la Mac. Muulizeni pia anatumia toleo la mwaka gani. Faili iliyohifadhiwa kwenye Revit 2025 haifunguki kwenye 2024, wala programu haiwezi kuirudisha nyuma.

Mhandisi akiwa bado anachora kwa AutoCAD, mimi ningechukua ArchiCAD. Naipenda kwa dhati. Graphisoft wa Hungaria wameijenga tangu miaka ya 1980 wakimfikiria mbunifu majengo, na inafanya kazi kwenye Mac na Windows.

Ila msilipe kwanza. Chukueni toleo la majaribio, mchore chumba kimoja tu cha mita 4 kwa 5, sakafu ya zege unene wa sentimita 15. Ihamisheni kwa IFC, aina ya faili inayosomwa na programu mbalimbali za BIM, mkadiriaji aifungue kwenye mashine yake. Zege lisomeke mita za ujazo 3. Likisomeka vingine, au sakafu ikatokea kama umbo tupu lisilo na jina, afadhali mmelijua leo kuliko siku ya kuagiza saruji. Kisha jaribuni ngazi, maana ngazi ndizo zinazosumbua.

Mtashawishika na Revit LT, toleo la Revit lililopunguzwa uwezo, kwa bei yake nafuu. Kwa watu watatu siishauri: hairuhusu wawili kufanya kazi ndani ya modeli moja kwa pamoja. Na lile toleo la wizi linalopitishwa kwenye flashi, msiliguse kabisa.

Leseni za Revit siku hizi ni za kulipia kwa muda, kwa hiyo ingizeni ada hiyo kwenye bei ya kazi tangu mwanzo. Mkataba nao utaje mteja atakabidhiwa nini: IFC, faili asilia ya programu, au michoro ya PDF pekee.