Ifuate shilingi mpaka inakotua: kwa wachumi wanaoanza kazi serikalini

Wadogo zangu mnaoripoti kazini na barua za Mchumi Daraja la II mkononi, karibuni. Nimekaa idara za mipango miaka mingi, na ninayowaandikia hapa ni yale ambayo ningetamani mtu angenikalisha chini akaniambia mapema. Kubwa kuliko yote ni hili: namba unayoiandika mezani ina safari ndefu kabla haijawa dawati, dawa au ndoo ya maji. Usipoijua safari hiyo, utabaki kuwa mtu wa majedwali tu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kufuatilia mradi wa visima. Kwenye taarifa ya robo mwaka nikaandika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya fedha zimeshatolewa. Taarifa ikapanda ngazi zote bila swali. Miezi michache baadaye nikaongozana na timu ya ufuatiliaji hadi kijijini. Shimo lilikuwepo, pampu haikuwepo, na akina mama walikuwa wanateka mtoni kama zamani. Fedha za pampu zilitoka kweli, ila zilifika wiki mbili tu kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Zabuni haikuwahi, salio likarudi Hazina. Katika taarifa yangu hapakuwa na neno la uongo, na bado kila aliyeisoma aliamini kwamba kijiji kimepata maji. Nilikosa usingizi kwa hilo, na sijutii kuukosa.

Ndiyo maana kila kijana anayekuja idarani namsimulia kisa cha Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yao ilikuwa inapeleka ruzuku ya kila mwanafunzi katika shule za msingi. Vitabuni fedha zilikuwa zinatoka, lakini shuleni mabadiliko hayakuonekana. Mwaka 1996 ukafanyika utafiti katika shule 250: watu walikwenda kulinganisha kilichoandikwa kuwa kimetoka na kilichopokewa na mwalimu mkuu. Ikabainika kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata shilingi. Sehemu kubwa ilibaki wilayani.

Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichopokewa. Mzazi aliyeweza kusoma sasa alikuwa na swali la kuuliza. Katika miaka iliyofuata sehemu iliyofika shuleni ilipanda sana. Wachumi wanabishana hadi leo ni kiasi gani kilitokana na magazeti na kiasi gani na hatua nyingine. Mimi natazama kilichotangulia yote hayo: kuna watu walioamua kwenda kuhesabu upande wa anayepokea.

Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha wakati ule alikuwa Emmanuel Tumusiime-Mutebile, na maisha yake yanafaa kusomwa na kila mchumi wa ukanda huu. Mwaka 1972, akiwa kiongozi wa wanafunzi Makerere, alipinga hadharani uamuzi wa Idi Amin wa kuwafukuza Waasia, ikambidi aikimbie nchi. Alimalizia shahada yake Durham, Uingereza, kisha akaja kufundisha uchumi hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliporudi kwao alipanda ndani ya serikali, na mwaka 1992, wizara za fedha na mipango zilipounganishwa, yeye ndiye aliyekabidhiwa ukatibu mkuu. Mfumuko wa bei ulikuwa umepanda upya. Wakashika kanuni moja ngumu: serikali itumie kile ilichokusanya, basi. Bei zikatulia. Baadaye alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uganda tangu 2001 hadi alipofariki Januari 2022.

Kanuni kama ile maana yake ni kuwaambia wakubwa wenzako "hapana" mwezi baada ya mwezi. Wewe mgeni hutamwambia Waziri hapana. Kazi yako ni kuandika dokezo litakalompa bosi wako uwezo wa kusema hapana, au ndiyo, akiwa na miguu imara chini. Kwa hiyo jifunzeni kuandika dokezo sabili, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi la kumwomba mkubwa uamuzi. Vyuoni hawalifundishi, na huku ndilo linalobeba kazi yote. Langu la kwanza lilikuwa na kurasa tisa na grafu nne. Lilirudi na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Unapendekeza nini?" Tangu siku hiyo pendekezo langu hukaa aya ya kwanza. Kisha nataja fungu na kasma (namba za bajeti zinazoonyesha fedha ni za taasisi gani na za matumizi gani), salio lililopo leo, nani mwingine ameshirikishwa, na nini kitatokea tusipoamua wiki hii. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Kumbukeni pia kwamba Katibu Mkuu ni Afisa Masuuli, yaani ndiye anayewajibika kwa fedha zote za wizara. Hoja ya Mkaguzi Mkuu ikija, anayesimama mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ni yeye, kwa karatasi uliyoiandaa wewe. Kama kuna jambo huna hakika nalo, liseme humo humo ndani ya dokezo.

Wengine mtaniuliza kama nadharia mlizosoma zimepotea bure. Hapana. Marehemu Profesa Benno Ndulu alifundisha uchumi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, akawa Gavana wa Benki Kuu yetu kuanzia 2008 hadi 2018. Huduma za fedha kwa simu zilianza hapa nchini mwaka 2008, wakati sheria mahsusi haijatungwa. Benki Kuu iliziruhusu kwa barua za kutokuwa na pingamizi huku ikiziangalia kwa karibu, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja 2015. Kabla ya hapo, aliyetaka kumtumia mama yake fedha kijijini aliikabidhi bahasha kwa kondakta wa basi. Kujua lini sheria itangulie na lini isubiri, hiyo ni elimu kamili ya uchumi.

Wiki hii, kabla hamjazama kwenye kompyuta, nendeni masijala, chumba cha kutunzia majalada. Salimieni vizuri, ombeni jalada la mradi mmoja uliokwisha, mlisome tangu folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza iliyowekwa humo: nani aliomba, nani alikataa, karatasi ilikwama wapi na kwa muda gani. Na ikitokea nafasi ya safari ya wilayani, usimwachie mwenzako. Ukifika, mwombe mwalimu mkuu au mganga mfawidhi akufungulie daftari la mapokezi, kaa naye, na utafute humo ile namba uliyoiandika ukiwa Dodoma.